Jaketi la Mzamiaji

Nurdini alitoka chini ya bwawa kwa kasi ya mtu aliyefukuzwa. Kifua chake kizima kilichomoka nje ya maji, kikaanguka tena, na jaketi alilovaa likaendelea kuvimba mpaka mikanda ikamkaba kwapani. Alikipapasa kitufe kilichoning'inia begani, akakichokonoa kwa ukucha. Kilikuwa kimeingia ndani na hakitaki kurudi. Mwishowe aliuchomoa mpira wa hewa kwa nguvu, na ule mlio wa kufoka ukakoma.

"Kizibo kimefyatuka tena!" alipiga kelele Yoramu, kibarua mwenye mdomo kuliko wote, na wenzake ukingoni wakaangua kicheko.

Walicheka mpaka walipoiona damu. Ilikuwa ikimtoka puani, ikichanganyika na maji na kudondokea kifuani. Hapo kila mtu akakumbuka koleo lake liko wapi.

Jaketi lile si lile la rangi ya chungwa ambalo watu huvaa wakiogopa kuzama. Mzamiaji hulivaa pamoja na mtungi wa hewa mgongoni. Akibonyeza kitufe kimoja, hewa ya mtungi huingia kwenye jaketi naye huwa mwepesi. Akibonyeza kingine, hewa hutoka naye huwa mzito. Kwa kuongeza na kupunguza anaweza kukaa katikati ya maji, asizame wala asielee, akafanya kazi yake kwa raha. Lakini kitufe cha kujaza kikibonyezwa na kukataa kurudi, mtu hupaa mbio apende asipende, na hewa iliyo mapafuni mwake hutanuka njiani. Mapafu ya binadamu si puto la sherehe. Yakizidiwa yanachanika.

Agnetha, msimamizi wa kazi, hakucheka hata pale mwanzo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti na sauti ya chini, na vibarua walimwogopa zaidi kwa ile sauti kuliko kama angekuwa anafoka. Alimpa Nurdini kitambaa.

"Safari ya kwanza ulisema ni mpira."

"Nikabadilisha mpira, injinia."

"Safari iliyopita ukasema ni matope."

"Nikalifungua lote nikalisafisha. Nyumbani lilifanya kazi. Wallahi lilifanya kazi."

"Nyumbani kwako hakuna bwawa," Agnetha alisema. Aligeuka akatazama kibanda cha pampu, ambayo tangu mwezi uliopita ilikuwa inakohoa tu bila kutema maji. Chini kabisa, mdomo wa bomba ulikuwa na wavu wa chuma, na wavu ule ulikuwa umezibwa na magugu na tope. Kijiji kizima, kilicho mwendo mdogo kutoka stesheni ya Tura, kilikuwa kimerudi kuchota maji kwenye madimbwi wanayonywea ng'ombe. "Nisikilize, Nurdini. Mimi sitakwenda kumpa mkeo pole. Alhamisi nakuja hapa. Kama jaketi lako bado lina mashetani, nawaita wazamiaji wa Mwanza, na mabwawa yote yaliyobaki wanayachukua wao."

Aliyasema hayo mbele ya vibarua. Nurdini angependa ayaseme pembeni, lakini ukingo wa bwawa hauna pembeni.

"Na kushuka bila jaketi?" aliuliza.

"Uzame kwenye tope lile mpaka kiunoni, nani akutoe?"

Jibu alilijua, akaubeba mtungi wake.

* * *

Hafsa alipomwona mumewe anaingia na pamba puani, hakupiga ukelele. Alizima jiko, akamketisha kwenye kigoda, akamtazama pua, masikio na macho kama mtu anayekagua kuku kabla ya kumnunua.

"Masikio yanasikia?"

"La kushoto lina mlio."

"Basi hili la kulia lisikie vizuri. Huingii tena kwenye maji na kitu hicho mpaka mimi nijue kina nini."

"Wewe?"

"Mimi. Kwani atakayekaa eda ni Agnetha?"

Walikuwa wakiishi Chemchem, mjini Tabora, kwenye nyumba ya baba yake Nurdini, Mzee Majidi, fundi wa ngozi. Nyumba ilikuwa ya zamani, ya ukoo ulioshona mikoba na mikanda tangu enzi za misafara iliyopita hapo kwenda Ujiji. Hafsa alikuwa na friji ukumbini, na ndani yake aligandisha ubuyu na ukwaju kwenye vifuko, akawauzia wanafunzi wakitoka shule. Binti yao, Zabibu, ndiye mteja wake mkubwa na asiyelipa.

Nurdini alifanya kama alivyofanya safari zilizopita. Alikifungua kitufe kwa bisibisi ndogo, akakiosha kwa maji ya uvuguvugu yenye siki, akakirudisha. Akaunganisha mtungi uliobaki na hewa kidogo, akapanda ngazi mpaka kwenye simtanki jeusi la uani, akafungua kifuniko na kulitosa jaketi ndani. Akabonyeza. Hewa ikaingia. Akaachia. Hewa ikakoma. Akabonyeza tena na tena, na kila mara jaketi lilimtii kama mtoto aliyeiona fimbo.

"Unaona? Ni zima!" alisema kwa uchungu. "Ndivyo linavyonifanya. Hapa lina adabu, kule linataka kuniua. Yoramu anasema nimelogwa."

"Yoramu hata mguu ukimfa ganzi hulogwa." Hafsa alikuwa amesimama chini ya ngazi, mikono kiunoni. "Ngoja. Sikutaka ulisafishe kwanza. Ungelijaribu likiwa na ugonjwa wake. Mgonjwa hapewi dawa kabla hajapimwa."

 Nurdini hakuwahi kulifikiria hilo, na liliposemwa lilikuwa wazi mno hata akaona aibu.

"Kile kingine unacho?" Hafsa aliuliza. "Kile kitufe cha zamani, ulichokitoa mpira ulipobadilishwa?"

Alikuwa nacho. Alipobadilisha mpira alibadilisha na kitufe chake, na cha zamani alikitundika msumarini uani, kwenye ukuta unaopakana na kibanda cha baba yake, maana vitu vya kuzamia haviuzwi Tabora na hakitupwi kitu. Alikifunga. Akakitosa kwenye simtanki bila kukisafisha. Nacho kikatii.

"Sawa," Hafsa alisema. "Hapa kinatii. Basi niambie, kule chini kuna nini ambacho hapa hakipo?"

"Tope."

Alikwenda akarudi na tope la bustani kwenye ndoo, akalikoroga. Kitufe kikapiga kazi ndani ya tope kama hakuna kilichotokea.

"Kingine?"

"Kina. Hicho sina namna ya kukuletea."

"Kingine?"

Nurdini alitia mkono kwenye simtanki bila kukusudia. Maji yalikuwa ya moto. Jua la Tabora lilikuwa limelipiga tangi lile tangu asubuhi. "Baridi," alisema taratibu. "Juu ni maji ya kuoga. Lakini ukishuka, Mama Zabibu, kuna mahali unapita, ni kama mtu kakufungulia friji."

Wote wawili walitazama ukumbini.

Hafsa alitoa vifuko vyote, mauzo ya kesho yake, akavimwaga kwenye beseni na kuongeza maji. Walisubiri mpaka beseni likatoa jasho kwa nje. Nurdini akakilaza kitufe kati ya ukwaju na ubuyu, akahesabu kimoyomoyo muda wa kushuka mpaka kwenye wavu, kisha akabonyeza, akaachia.

Kitufe hakikurudi.

Jaketi lilianza kujaa pale uani, likanyanyua mabega, likatuna tumbo, likageuka upande kama mlevi anayetafuta pa kulala. Zabibu alitoka mbio kuja kuona, akapiga makofi. Nurdini hakuuchomoa mpira upesi. Alimtazama adui yake akivimba mchana kweupe, uani kwake, mbele ya mkewe, na moyo wake ukajaa furaha kuliko lile jaketi.

"Sikulogwa," alisema.

"Chomoa, litapasuka!" Hafsa alisema, naye akicheka.

Alikifungua kitufe. Ndani, kuzunguka kile kijiti cha chuma kinachopanda na kushuka, kulikuwa na utando mweusi mzito. Aliukwangua kwa ncha ya bisibisi.

"Grisi! Yule bwana wa Kigoma aliyeniuzia alitia grisi ya baiskeli. Kwenye joto inalainika, kwenye baridi inaganda. Na mimi nimekuwa nakisafisha... sasa mbona cha juzi nilikisafisha na kikagoma vilevile?"

"Labda hukusafisha vizuri," Hafsa alisema.

Alikuwa amechukua ule utando kwenye kidole. Nurdini, na pamba zake puani, hakuweza kunusa chochote. Hafsa alinusa mara moja tu. Chini ya tope na chuma kulikuwa na harufu ya mzinga, asali na moshi, harufu aliyoamka nayo kila asubuhi tangu aolewe katika nyumba ile.

Alikipangusa kidole kwenye kanga, akaanza kurudisha vifuko kwenye friji.

* * *

Kila kitu kilichotoka nyumba ile kwenda kazini kilipakwa nta. Ndivyo walivyofanya waliomzaa Mzee Majidi, walipokuwa wakishona mikoba ya wapagazi ili mvua isiingie, naye hakuona sababu ya kuacha. Alikuwa akinunua nta kwa warina asali wa Sikonge, na kila siku baada ya sala ya alfajiri alizunguka uani na bonge lake mkononi: makasi ya Hafsa, kufuli la mlango, zipu ya begi la shule la Zabibu, bawaba za friji. Hakuomba ruhusa wala hakungoja shukrani. Watu wa nyumbani walikuwa hawamwoni tena akifanya hivyo, kama ambavyo mtu haoni anayefagia uwanja kila siku.

Ila jaketi hakuna aliyedhani analigusa. Tangu Nurdini alipokataa sindano na ngozi akaenda Kigoma kujifunza kuzamia, Mzee Majidi hakuwahi kulitaja jaketi lile kwa jina. "Kitu chako kimedondoka," angesema. Au, "Kitu chako kinazuia njia." Siku mwanawe alipoleta habari ya kazi ya mabwawa, aliuliza swali moja tu, "Mtu wa Tabora anazama wapi?", akaendelea kushona. Nurdini alilibeba swali lile moyoni kama mwiba, na angekula kiapo kwamba baba yake angefurahi jaketi likiliwa na panya.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo ilimjia Hafsa usiku ule akaifukuza, maana methali ile ni ya maadui, na mzee yule hakuwa adui wa mtu. Lakini aliona wazi jambo moja. Akinyamaza, kesho alfajiri kitufe kilichosafishwa kitapakwa tena. Akimwambia mumewe, mwana atainuka kumkabili baba, na maneno yatakayotoka hayatarudi. Na yeye mwenyewe ni mke wa mwana, ambaye hukaa upande akizungumza na mkwewe na kuangalia chini. Nani aliwahi kumwona mkaza mwana anamsahihisha fundi kazi yake?

Ataonekana leo, alijiambia.

Asubuhi Nurdini aliondoka na mtungi kwenda kuujaza kwenye kompresa ya kampuni. Hafsa alijaza beseni maji, akatia vifuko vya barafu, akavuka uani.

Mzee Majidi alikuwa kibandani, miwani imefungwa uzi, jozi ya makubadhi imepangwa mbele yake. Jaketi lilikuwa kwenye mapaja yake. Bonge la nta lilikuwa mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeamkaje, mwanangu?" Alilishusha jaketi kidogo, kama mtu aliyekutwa anakula mwezi wa Ramadhani.

"Salama. Nimekuleteeni kazi, baba." Alipiga magoti upande, akaliweka beseni chini. "Hicho kitufe. Naomba mkibonyeze."

Mzee alikibonyeza kwa kidole gumba, akaachia. Kikapanda. "Kizima hiki. Nimekishughulikia sasa hivi."

"Sasa mkilaze humu kwenye barafu. Kidogo tu."

Alimtazama kwa mshangao, lakini alikuwa fundi, na fundi akionyeshwa jambo la kazi hutaka kujua mwisho wake. Alikilaza.  Jirani alipita akasalimia, wakamwitikia. Kisha mzee akatia mkono kwenye maji baridi, akabonyeza, akaachia.

Alibonyeza tena kukichokoza. Alikitoa nje, maji yakimdondoka kwenye kanzu, akakitazama kilivyozama kwenye tundu lake na kukaa humo.

"Huko chini bwawani kuna baridi," Hafsa alisema, macho kwenye beseni. "Kikikwama hivyo, hewa haikomi kuingia. Ndiyo iliyomrusha juu mpaka damu ikamtoka. Mwenyewe anasema safari nyingine yaweza kuwa mapafu."

"Nta haijawahi kuharibu kitu katika nyumba hii." Sauti yake ilikuwa kali, ya mtu anayesimama mlangoni pake. "Umekuja kunipima, Hafsa? Umekuja na beseni lako kunifundisha nta?"

 Hafsa hakuinuka. "Nta yenu siijui, baba, nyinyi ndio mnaoijua. Ninachotaka ni mume wangu arudi kwa miguu yake."

Mzee Majidi alivua miwani. Alikichukua kitufe akakinusa, kana kwamba alitumaini kunusa kitu kingine. 

"Mumeo anajua?"

"Hajui. Anadhani ni grisi ya aliyemuuzia."

"Umenisitiri."

"Si langu kusema, baba."

 Ilimuuma kufundishwa na mke wa mwanawe, tena akiwa amepigiwa magoti, na hasa kwamba Hafsa alikuwa sahihi. Lakini kilichomuuma kuliko vyote kilikuwa kingine, nacho kilimtoka bila yeye kutaka: "Kila alipokwenda nilikuwa namwombea dua na kukipaka. Nilisema, mimi sijui kuogelea, siwezi kumfuata huko. Basi angalau nta imfuate."

Hafsa alilia hapohapo, bila kuficha.

"Inatoka na nini?" mzee aliuliza. "Mafuta ya taa?"

"Yanakula mpira. Maji ya moto na sabuni."

"Basi kayachemshe," alisema, akavaa miwani yake. "Na lete kile cha zamani pia."

* * *

Alhamisi gari la kampuni lilipokuja, Mzee Majidi alikuwa amekaa barazani, koti limefungwa vifungo vyote, kofia yake ya kufuma kichwani.

"Baba, unakwenda wapi?" Nurdini aliuliza.

"Bwawani."

Nurdini alimtazama mkewe. Hafsa alikuwa tayari amepanda nyuma ya gari. Alisema barafu siku hiyo zitajiuza zenyewe.

Bwawani wanawake walikuwa wamekwishafika na ndoo, kwa matumaini tu. "Mwangaluka," mzee aliwaamkia kwa Kinyamwezi, wakamwitikia. Agnetha alimpa shikamoo, akamgeukia Nurdini.

"Limepona?"

"Limepona. Ilikuwa grisi, ikiganda kwenye baridi." Hakungoja kuombwa ushahidi. Alilifunga jaketi kwenye jiwe zito, tupu bila mtu, akalishusha kwa kamba mpaka kwenye baridi ya chini, akaliacha huko mpaka vibarua wakaanza kupiga miayo. Alipolivuta, alikibonyeza kitufe kikiwa bado kinachuruzika maji. Kikaingia, kikapanda. Akakifanya hivyo mbele ya uso wa Agnetha mpaka Agnetha akainua mkono.

"Inatosha. Lakini mara mbili umeniambia limepona."

"Mara mbili lilikuwa limepona kweli," alisema Mzee Majidi.

Alikuwa amesogea mbele. Watu walimgeukia, wengi wakimfahamu, maana hata huko Tura kuna waliovaa makubadhi yake.

"Haikuwa grisi. Kitufe hicho nimekiharibu mimi. Nimekipaka nta, si mara moja. Yeye alikuwa akikisafisha, mimi nikikipaka tena, asijue. Mwanangu hakuwa mzembe, injinia, wala hakukudanganya."

"Duh! Mzee, ulitaka kumgeuza mshumaa?" Yoramu alisema, akacheka peke yake.

Nurdini alikuwa amesimama na mkanda mmoja begani. Uso wake ulipita kwenye hasira, ukarudi, ukapita tena.

"Nurdini," baba yake alisema, "uniwie radhi."

Hata wanawake wenye ndoo walizitua chini. Radhi ni mali ya mzazi; mtoto ndiye huipigia magoti. Hakuna aliyewahi kusikia mzee wa makamo yale akiiomba kwa mtoto wake wa kumzaa, tena kando ya bwawa, wachunga ng'ombe wakisikiliza.

"Baba, usiseme hivyo mbele za watu."

"Mbele za watu ndipo walipokucheka."

 Nurdini alivaa mtungi, akakaza mikanda, akateremka majini bila kumtazama mtu. Maji yalimfika kiunoni, kifuani, kisha ikabaki michirizi ya mapovu.

Hafsa, aliyekuwa amesimama nyuma, alimwona mkwewe alivyobaki pale na mikono yake mitupu.

Yoramu alikuwa ameshika kamba iliyofungwa kwenye kiwiliwili cha mzamiaji. Kamba ile ndiyo ulimi wake akiwa chini. Akivuta mara moja anasema niko salama, na wa juu humjibu kwa kuvuta mara moja. Akivuta mfululizo anasema nitoeni.

"Nipe mimi," Mzee Majidi alisema.

Yoramu alimtazama Agnetha. Agnetha aliitikia kwa kichwa, na Yoramu akaeleza mara moja, taratibu, jinsi ya kujibu. Mzee alisogea mpaka maji yakalowesha viatu vyake, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kupita kina cha ndoo, akaishika kamba kwa mikono miwili.

Ikavutwa. Akajibu.

Muda ulipita. Magugu yalianza kuibuka mafungu mafungu, yakielea juu. Kamba ikavutwa, akajibu. Ikalegea muda mrefu hata Hafsa akasogea akasimama karibu naye, bila kukaa upande na bila kuangalia chini. Ikavutwa tena, akajibu. Kwenye kibanda pampu ilikohoa, ikakohoa, ikanyamaza, kisha bomba likatema tope, maji mekundu, na mwisho maji. Wanawake walipiga vigelegele, wakakimbia na ndoo. Mzee Majidi hakugeuka kutazama.

Mapovu yalikaribia. Nurdini aliibuka pole pole, kichwa, mabega, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake. Alitembea mpaka ukingoni, akavua kioo cha usoni. Hakukuwa na damu. Hafsa alimshika uso akamkagua hata hivyo, pua na masikio.

"Kazi safi," Agnetha alisema. "Jumatatu tunakwenda Ziba. Uwe tayari saa kumi na mbili."

Nurdini aliitikia kwa kichwa. Kisha alimgeukia baba yake, aliyekuwa bado majini na viatu.

"Nilijua si Yoramu," alisema.

"Umejuaje? Huko si giza?"

"Giza tupu. Lakini Yoramu hunijibu akimaliza soga zake. Leo kila nilipovuta, nilijibiwa kabla sijaachia."

Mzee Majidi aliizungusha kamba kiganjani mara moja zaidi.

"Baba, nimeshatoka," Nurdini alisema kwa sauti ya chini. "Unaweza kuiachia kamba."

Mzee aliitazama kamba, akamtazama mwanawe, na hakuiachia.